Dubu Ajipiga Sikio Mara ya Tatu

Mimi ndiye niliyemshona. Wanaokuja kuniuliza habari za picha ile ya sinema hutaka kusikia gauni la Myrtle, mwigizaji wake, lilikuwa la rangi gani, au mti wa humo ulitembeaje, na mimi huwaambia wakatafute mtu mwingine wa kupiga naye soga. Mimi, Tekla Brandvold, nilimshona kaka yangu Osmund ndani ya ngozi ya dubu, asubuhi ya Agosti mwaka 1914, kwa uzi wa nta niliouweka mara mbili.

Hadithi yenyewe kila mtoto wa Chicago aliijua: binti anapita nyuma ya saa kubwa ya ukutani na kukuta nchi ambayo hakuna anayelala. Kitabu kilipofanywa mchezo wa jukwaani, Osmund akapewa nafasi ya Dubu. Miaka sita tulizunguka nao, St. Louis, Omaha, Denver, yeye mbele ya watu na mimi pembeni nyuma ya pazia, maana mtu aliye ndani ya ngozi haoni vizuri wala hawezi kujivua. Tulikuwa na ishara yetu. Akiishiwa pumzi, anajipiga sikio la kulia kwa kiganja kile kikubwa. Namwashiria mpiga piano, Dubu anatoka, namfungua vishikizo vya mgongoni, anavuta hewa, basi.

Shida ilianza siku alipojipiga sikio na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na Osmund alivyopenda kuchekewa, loo! Kesho yake akajipiga tena akiwa mzima kabisa. Nilikuja mbio, roho mkononi, nikamkuta anacheka humo ndani.

"We kaka, una akili kweli? Siku ukibanwa nitajuaje?"

"Utajua tu, Tekla. Nani anayenijua kama wewe?"

"Nakujua kwa upumbavu."

"Si ndiyo hiyo hiyo!"

Wiki haikuisha, meneja akaliandika lile pigo la sikio kwenye mchezo. Watoto wakawa wanajipiga masikio mitaani. Tukasema tutatafuta ishara nyingine, na hatukutafuta, kwa sababu mdomo wa Dubu ulikuwa wazi, umezibwa kwa chachi tu, na akiniita namsikia. Nilijiambia inatosha.

Halafu wakaja watu wa sinema, tukaenda California. Bwana Lathrop, mwongozaji, alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya majani, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi, kwani huwezi kumgombeza mtu anayekuita mama. Aliizunguka ngozi mara mbili akatikisa kichwa.

"Jukwaani watu wako mbali, mama. Kamera iko puani. Vishikizo vitaonekana. Mshone."

"Na akitaka kutoka?"

"Si utafumua? Halafu mdomo huu tutauziba. Picha haina sauti, dubu ana haja gani na mdomo?"

Wakaleta kichwa kipya, kizuri mno, macho ya kioo, taya la mbao linalovutwa kwa kamba. Pa kupumulia palikuwa na matundu mawili shingoni, madogo kama vifungo vya shati. Osmund alikuwa ameugua nimonia Denver majira ya baridi, na kifua chake hakikuwa kimerudi sawasawa. Jukwaa lenyewe lilikuwa sakafu ya mbao nje kabisa, juu yake turubai jeupe la kupunguza makali ya jua. Nilimvuta kando nikampa maneno yake.

"Usiivae. Mwambie hapana. Atafute mtu mwenye mapafu."

"Tekla, sikiliza. Miaka sita nimefanya kazi hii, na pazia likishuka hakuna kinachobaki. Hii itabaki. Tukiwa vikongwe hatuna jino tutakaa tujitazame."

"Utakaa ukijitazama peke yako."

"Nishone vizuri basi, nisikuaibishe."

Nami nikamshona vizuri. Hapo ndipo ninapojichukia. Ningeweza kushona mshono mrefu, wa haraka, ambao mtu angeupasua kwa mkono mmoja. Lakini Lathrop alikuwa amesimama akitazama, akisema hajawahi kuona mkono kama wangu, nami kichwa kikavimba, nikashona vidogo vidogo nikivificha ndani ya manyoya. Nilipofika shingoni Osmund alikuwa anaongea. Alisema, "Tekla, usisahau," nikavuta uzi, na sauti ikakatika hapo hapo. Nikagonga kichwa. "Nisisahau nini?" Macho ya kioo yakanitazama.

Walirudia mara tatu. Kwanza upepo ulilitupa turubai, halafu Myrtle Haskins, aliyecheza yule binti, akakanyaga pindo la gauni, halafu jua likahama na kamera ikahamishwa. Saa nzima ilipita. Kila mara nilimwendea nikaweka kiganja kwenye manyoya, na kila mara yalikuwa ya moto zaidi. Nilimuuliza kama yuko sawa, kichwa kikatikisika ndiyo. Nilimwomba Lathrop nimfungue shingo tu, dakika moja. Akasema, "Mara hii ndiyo ya mwisho, mama, jua linahama tena."

Fidla ya kuwatia waigizaji hisia ikaanza, mkono wa kamera ukaanza kuzungushwa. Katika onyesho lile Dubu alitakiwa kujipiga sikio mara mbili: saa inapogonga, na binti anapompa asali. Saa ikagonga, akajipiga. Myrtle akatoa chungu cha asali, akajipiga. Watu wote pale walikuwa wanacheka kimya kimya, mikono midomoni.

Kisha akajipiga mara ya tatu.

"Anaongeza!" Lathrop akanong'ona. "Mwacheni! Zungusha, zungusha!"

Nami nilicheka. Nilikuwa nimejiapia kwamba nitaijua tofauti ya mzaha na kweli, na nilicheka pamoja nao. Dubu akageuza uso, akatazama moja kwa moja upande wetu, akapiga magoti, akalala chini taratibu. Kwenye kitabu, Dubu asiyelala hupata usingizi mwishoni kabisa. Lathrop alidhani Osmund amebuni jambo, machozi yakamlengalenga kwa furaha. Myrtle naye akafuata, akapiga magoti, akambembeleza kichwa kama anavyobembelezwa mtoto, akalaza sikio kifuani pake. Akakaa hivyo. Akainua uso wake, na haukuwa tena uso wa yule binti.

"Tekla," akasema. "Hapumui."

Nilikuwa na mkasi mfukoni. Nilifika kabla hajafunga mdomo. Lakini manyoya yalificha uzi, na uzi ulikuwa wa nta, mara mbili, mkasi unateleza, na kila nilipokata mshono mmoja mwingine ulikuwa umeshika karibu yake kabisa. Nilikuwa nikipiga kelele jina lake na kuulaani mkono wangu. Tulipokitoa kichwa, uso wa kaka yangu ulikuwa wa zambarau, na nywele zimelowa kana kwamba ametolewa mtoni.

Picha waliimaliza kwa mtu mwingine. Onyesho lile hawakulitupa, Lathrop aliniandikia kwamba ni zuri mno kutupwa. Nilikwenda kuliona Chicago, alasiri moja, ukumbi umejaa watoto. Mara ya kwanza walicheka, ya pili wakacheka, na ya tatu wakapiga miguu sakafuni. Kasichana kalikokaa kando yangu kakanishika mkono, macho yaking'aa.

"Ona, bibi, ananitazama mimi!"

Kila mtu husema hivyo, kwamba pale Dubu anamtazama yeye. Nilimwambia ndiyo, mwanangu, anakutazama. Siku ile ya kupiga picha, aliyesimama bega kwa bega na kamera nilikuwa mimi.