Mrija wa Kushoto

Fundi wa maabara alikuwa mtu wa utani, lakini asubuhi hiyo hakumtania mtu. Damu iliyokuwa mezani kwake ilikuwa ya dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, naye alitaka kujua kama saratani imerudi.

Kifaa chenyewe ukikiona utakidharau: kipande cha kioo kisichozidi stempu, kimechongwa vijifereji vyembamba kuliko unywele. Damu ikipitishwa humo, seli zinatengana. Za kawaida zinatokea mrija wa kulia. Zile kubwa, za saratani, zinasukumwa kushoto. Ila kwanza hupitishwa maji ya sabuni, taratibu, mpaka viputo vya hewa viishe. Yeye ndiye aliyekuwa akiwagombeza wenzake wakiiruka hatua hiyo. Siku hiyo roho ilikuwa juu, akairuka.

Mrija wa kushoto ulitoa maji matupu. Akachungulia kwenye hadubini, hakuona seli hata moja. Machozi yalimtoka, akapiga simu papo hapo.

"Dada, uko safi."

"Usinitanie, mdogo wangu. Leo sina kifua hicho."

"Sikutanii. Nimeona kwa macho yangu."

Dada alicheka kile kicheko chake cha zamani, kabla ya ugonjwa. Akasema lile sanduku alilolipanga kwa ajili ya kulazwa analifungua sasa hivi.

Fundi alirudi kukiosha kioo huku akipiga mluzi, na mluzi ukamfia mdomoni. Kiputo kimoja kilikuwa kimejibanza pale njia inapogawanyika, kimeubana upande wa kushoto hadi maji tu ndiyo yaliyopenya. Seli zote zilikuwa zimepita kulia. Bahati ilikuwa imebaki damu kidogo, kama hiyo ni bahati. Akapitisha sabuni, akasubiri, akarudia kazi yote kama inavyotakiwa. Safari hii seli zilikuwepo kushoto, kubwa, nyingi. Aliuchukia mkono wake mwenyewe.

Alipopiga tena, dada alimwahi. "Nguo zote nimerudisha kabatini. Huyu binti yangu mdogo kajikunja ndani ya sanduku, anasema ndiyo nyumba yake."

"Dada, nilikosea," alisema, akamweleza kiputo, kioo, na pupa yake.

Dada hakumlaumu. Sauti yake ikasikika ikiwa mbali kidogo na simu, ya upole.

"Toka humo, mama. Sanduku nalihitaji."