Masikio ya Simbilisi

Kalala alikuwa mtu wa mhuri. Katika komini, yaani manispaa, ya Mulekera, mjini Beni mashariki ya Kongo, mtoto hakuhesabika kuwa amezaliwa mpaka Kalala agonge mhuri wake, na wachumba hawakuwa mume na mke mpaka atamke yeye, kwa sauti ile nzito aliyokuja nayo kutoka Kasai miaka mitatu iliyopita alipohamishiwa kazi huku. Suti yake ilikuwa moja, ya kijivu, na ilipigwa pasi kila asubuhi kama ndiyo inayoshika madaraka. Watu walimwita Shefu, naye hakuwakataza.

Basi mtu huyohuyo, Jumatano moja alasiri, alikuwa ameketi juu ya kigoda nyuma ya jiko la jirani yake, koti amelitundika kwenye msumari, akitokwa na jasho kwa sababu ya uzi.

"Fumua," alisema Mama Vagheni.

"Yote?"

"Fumua, Papa Sagesse. Hii kichwa iko ya ngombe."

Akauvuta uzi. Kazi ya siku tatu ikateremka mapajani mwake kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Tusimcheke kabla ya kujua kilichomfikisha hapo. Mwezi wa tatu mkewe, Germaine, alikwenda Kananga kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, na Kalala akabaki na binti yao Sagesse, mwenye miaka mitano na maswali yasiyokwisha. Ugali aliuweza. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, aliikosea mara mbili, ya tatu ikalika. Kusuka nywele alishindwa kabisa, ndipo akazoea kumpeleka mtoto kwa Mama Vagheni, mwanamke wa Butembo, mji wa baridi ambako kila mtoto mchanga anavishwa sufu na kila mama anajua kroshe, ile sindano fupi yenye ncha iliyopinda.

Kisha ikaja barua kutoka shule ya chekechea. Siku ya kufunga mwaka watoto wangepita mbele ya wazazi wakiwa wanyama, kila mmoja na utepe wa kichwani uliofumwa nyumbani kwao, si wa kununua sokoni. Na kila mmoja angeshika maikrofoni aseme yeye ni mnyama gani na nani alimfumia.

"Batoto bote batasema mama," Sagesse alisema. "Miye nitasema papa."

"Tantine Vagheni atakufanyia ya muzuri, mama. Siku moja tu, inaisha."

"Hapana. Weye."

Kalala alikuwa anamwita mama kwa sababu mtoto alirithi jina la bibi yake mzaa baba, na mtu hamkatalii mama yake. "Sawa," akasema. Neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria. Na ahadi kwa mtoto wa miaka mitano, mnajua wenyewe, inabana kuliko hati iliyosainiwa nakala tatu.

Kilichomkosesha usingizi hakikuwa kazi yenyewe. Wazazi watakaokaa kwenye viti siku ile ndio wale wanaopanga foleni mbele ya meza yake. Wakijua kwamba Shefu anafuma vikofia, nani atatetemeka tena akiulizwa cheti cha ndoa? Kule kwao mwanamume aliyeshika uzi alikuwa anatega ndege au anashona kiatu, basi. Kwa hiyo alikwenda kwa Mama Vagheni na mapatano yake: amfundishe kwa siri, na siku ya sherehe yeye Mama Vagheni ndiye atakayetajwa.

"Uongo ku shule ya parokia?" Mama Vagheni aliuliza.

"Haiko uongo. Ni... utaratibu."

Mama Vagheni aliguna, akaenda kutafuta uzi. Alikuwa amerudi kutoka Butembo siku ile na mafurushi yake ya biashara, na ndani yake mlikuwa na sufu ya rangi ya kahawa na nyeupe.

Suala la mnyama nalo lilileta vita. Kalala alitaka chui, kwani kwao chui ni mnyama wa machifu, na mtoto wa Kalala hawezi kuwa kitu kidogo. Sagesse alitaka simbilisi. Mama Vagheni alifuga kumi na mmoja, wanene, hawana mkia, wanakimbizana chini ya meza ya jikoni na kupiga miluzi kila wakisikia maganda ya ndizi yanaanguka. Sagesse aliwajua kila mmoja kwa tabia yake.

"Simbilisi iko mboga," Kalala alisema. "Mutu habebake mboga ku kichwa."

"Banamama banabeba mboga ku kichwa kila siku," Sagesse akajibu.

 Shefu alikohoa, akaamuru chui.

Wiki tatu alisota. Vidole vilivyozoea kalamu vilishika sindano kama vinakamata mwizi, mishono ikakaza hata ncha ikakataa kupenya. Mama Vagheni alimfundisha kupima kichwa kwa uzi, kisha kupunguza vidole vitatu, maana sufu inanyooka. Kalala, mtu wa vipimo halisi, hakupunguza, na ndiyo maana ya kichwa cha ng'ombe. Mara ya pili alipunguza mara mbili ili awe na uhakika, utepe ukamtosha simbilisi mwenyewe. Mara ya tatu ulikaa. Alipomvalisha Sagesse na kuona haudondoki wala haumbani, alifurahi kuliko siku aliyopandishwa cheo, ingawa alijikaza uso.

Yakabaki masikio. Sikio, Mama Vagheni alieleza, linaanza na mishono sita ndani ya kitanzi kimoja, halafu unaongeza, lakini unaongeza kwa hesabu. Ukipunguza hesabu linakuwa kikombe, ukizidisha linakunjamana. Siku zilikuwa zimebaki mbili, kwa hiyo Kalala akalibeba sikio hadi ofisini. Saa ya mapumziko alikuwa amefika mzunguko wa nne, midomo inahesabu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Zorobabel, tarishi wa ofisi, na bahasha mkononi. Kalala akalifunika sikio na daftari la vizazi kwa kishindo, hata Zorobabel akarudi nyuma hatua mbili.

"Pardon, Shefu. Kuko ubaya?"

"Ubaya hakuna. Acha hapo, wende."

Mlango ulipofungwa, hesabu ilikuwa imemponyoka. Alikuwa wapi, kumi na nane au ishirini na nne? Kwa kuwa hakujua, aliongeza kila mshono, na la pili akalifanya vilevile ili yafanane. Yakatoka masikio mapana, yenye mawimbi, yameinama kama jani la kabichi lililopigwa na jua. Chui gani huyo!

Alasiri iliyofuata aliyashona kwenye utepe jikoni kwa Mama Vagheni, akiwa amenyong'onyea, akijiandaa kuomba radhi. Sagesse akaingia na ganda la ndizi mkononi, akaona, akalitupa.

"Simbilisi!" Akaunyakua utepe, akauvaa, akainama chini ya meza kuwaonyesha wenzake. "Papa, ulinifanyia simbilisi!"

Kalala alifungua kinywa aseme chui. Akaufikiria uso ule, akakifunga.

"Ee," alisema. "Simbilisi."

Mama Vagheni aligeukia sufuria yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ingefaa tuishie hapo kwa furaha, lakini mapatano yalikuwa bado. Walipokuwa wanarudi nyumbani, Kalala alimshika mtoto mkono.

"Mama, kesho kama banakuuliza nani alifuma, sema Tantine Vagheni."

Sagesse alisimama. "Mais njo weye ulinifumia."

"Minajua. Lakini ku kazi yangu, batu... Itakuwa siri yetu."

"Siri ao uongo?"

Kalala alijibu kwamba wamechelewa na chakula bado. Sagesse hakulia, afadhali angelia. Aliuvua utepe, akaukunja vizuri, akautia mfukoni mwa gauni lake.

Kesho yake uani mwa shule turubai lilikuwa limetandwa, viti vya plastiki vimejaa, spika zinapiga muziki wa Lingala hata glasi za Fanta zinatetemeka. Kalala alipewa kiti cha mbele, kwa heshima ya Serikali. Watoto wakaanza kupita: simba saba, sungura wasio na idadi, tembo mmoja ambaye mkonga ulimfunika macho akaongozwa kwa mkono. Mwalimu wao, Madame Eliane, aliwashikia maikrofoni mmoja mmoja.

"Miye niko sungura. Mama alinifumia."

"Miye niko simba. Mama alinifumia."

Wazazi walipiga makofi. Ikafika zamu ya Sagesse, na masikio yake yakicheza kila hatua.

"Miye niko simbilisi."

Uwanja mzima ukacheka kwa upendo, maana nani pale hakukua na simbilisi jikoni kwao?

"Alinifumia..."

Akanyamaza. Madame Eliane akainama. "Nani, chérie?"

 Ukweli alikuwa amekatazwa kuusema, na uongo hakuutaka. Akatazama viatu vyake, na mkono mmoja ukapanda kushika sikio la sufu. Viti vya nyuma vikaanza kulia. Kalala alimtafuta Mama Vagheni kwa macho. Yule alikuwa anamtazama yeye, mikono ameikunja kifuani.

Ndipo mwanamke mmoja nyuma yake akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, mama yake haiko. Mutoto hana mutu."

Hana mtu! Maneno hayo yalimchoma Kalala vibaya kuliko sindano ile ya wiki tatu. Alisimama. Kiti kikaanguka. Watu wakatulia, wakidhani Shefu anataka kutoa neno kwa niaba ya komini, na kijana wa spika akazima muziki wa chinichini. Kalala alikuwa na hotuba ya kila tukio, ya harusi na ya uhuru, lakini ya utepe wa kichwani hakuwa nayo. 

Sagesse alimwona. Akaisogeza maikrofoni karibu na kinywa, kama alivyofundishwa.

"Papa," aliuliza, na sauti ikatoka katika spika zote mbili, ikavuka ukuta hadi barabarani kwa waendesha pikipiki, "sasa naweza kusema?"

Siku zote Kalala aliogopa kuaibika kwa ajili ya uzi. Aibu yenyewe ilikuwa hii: mtoto wake kumwomba ruhusa ili ajivunie baba yake. Ilimwingia mpaka kwenye mifupa.

"Sema, mama," alisema. "Sema kwa nguvu."

"Njo papa! Papa yangu njo alinifumia!"

Spika zikalia kwa ukali wa sauti ile, watu wakainuka na vigelegele, na Kalala akabaki amesimama mbele ya raia wake wote, machozi yanamtoka, asijue mikono aiweke wapi.