Silinda Mbili Zinazopumzika

Mwaka 1996 Violeth, karani wa Bunge, aliniletea gari lake dogo la spoti kutoka Japani. Kwenye tambarare, silinda mbili kati ya nne zilikuwa zinazima. Mimi fundi magari wa mtaa wa Majengo sibembelezi ugonjwa: nilikata waya mmoja uliokuwa ukizizima, zote nne zikaunguruma.

Wiki iliyofuata akarudi amenuna. Mafuta ya kwenda Kongwa na kurudi sasa yaliishia njiani akirudi.

Nikaunga waya ule, tukatoka kulijaribu gari. Barabara iliponyooka, mbili zikanyamaza. Kilimani zikaamka zenyewe.

“Kumbe zilikuwa zinapumzika, mafuta yabaki,” nikasema.

“Basi usiniponyee tena.”

Nikamwomba aniachie gari hadi jioni. Safari hii sikutaka kutengeneza kitu. Nilitaka kuisoma injini ile.