Mbuzi Waliokuja na Habari za Akidor

Jumamosi, tarehe nane Februari 2025. Asubuhi hiyo mjini Lodwar upepo ulivuma kutoka upande wa ziwa ukiwa umebeba vumbi, na jua lilikuwa kali kabla watu hawajamaliza chai. Akidor alitoka nje kunawa uso, akamkuta mbuzi mweupe amesimama mlangoni pa chumba alicholala, anatafuna kamba ya ndoo.

Alikuwa mbuzi jike, mnene, hana alama yoyote sikioni. Kwa Waturkana mnyama asiye na alama ni kama mtu asiye na ukoo, lazima atafutiwe wenyewe. Mjomba Lokiru, aliyemlea Akidor tangu mama yake afariki, alizunguka kwa majirani akiuliza. Hakuna aliyepotewa. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya mtaa mzima, na zizi la Lokiru lilikuwa limebaki miiba na mavi makavu. Basi akamfunga mbuzi humo, akamshukuru Mungu, akarudi kwenye chai yake.

Akidor alikuwa na miaka kumi na sita. Alizaliwa na virusi vya ukimwi, na alikuwa amekunywa dawa tangu hajajua kusema. Kichupa cha dawa alikijaza pamba ili vidonge visilie ndani ya begi. Dada wa kliniki alikuwa amemweleza kwamba dawa zimefanya kazi hata kipimo hakivioni virusi tena, na kwamba hakuna mtu anayeambukizwa kwa kikombe wala kwa sahani. Mtaani jambo hilo lilijulikana na watu wawili tu, yeye na mjomba. Lakini siri ni mzigo usio na kata ya kuuwekea kichwani, unachoma. Ijumaa, siku moja kabla ya mbuzi, Akidor alimwambia Akiru, ambaye walikaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Akiru alimshika mkono, akalia kidogo, akaapa kwamba neno hilo atazikwa nalo.

Jumapili kulikuwa na mbuzi wengine wawili mlangoni. Jumatatu walikuwa kundi, na mmoja alikuwa na kitoto chake ambacho kitovu hakijakauka. Akidor aliwatazama, akaelewa kabla ya mtu yeyote. Kila neno lake lilipotoka mdomo mmoja likaingia sikio jipya, mbuzi alikuja kusimama mlangoni pake. Alivaa sare, akaenda shule. Dawati alilikuta lake peke yake. Kikombe chake cha maji kilikuwa kimetobolewa tundu la msumari kwenye mkono, ili wengine wasikikosee.

Jioni Akiru alikuja nyumbani kumwombea mdogo wake maziwa. Alisimama mbali kidogo na mlango. Alisalimia, ejok, kama siku zote, akasema yeye alimwambia mama yake tu, na mama si mtu wa nje. Akidor akamkamulia. Akiru alipokea maziwa kwa kibuyu alichokuja nacho kutoka kwao.

Lokiru hakuchukua muda kufahamu. Alikuwa mchungaji tangu utoto, na nyayo za mbuzi wale hazikutoka popote. Zilianzia hapo hapo mlangoni. Alikwenda kituo cha mafuta akamwambia Ebei, mwendesha bodaboda, habari za mpwa wake. Aliporudi alimkuta beberu mwekundu anamngoja. Siku iliyofuata alijaribu uongo: alisema mtoto wa jirani naye anaumwa hivyo hivyo. Uongo haukuleta hata kwato. Akajaribu kuwaambia waliokwisha kusikia, nako hakukuja kitu. Basi akashika njia, akapeleka habari ile nyumba kwa nyumba, kwa upole, kama mtu anayealika wageni kwenye harusi.

Usiku, wakati wa chakula, Lokiru hakumficha Akidor neno.

"Usinikasirikie, mama," alimwambia. "Msichana huleta mifugo akiolewa. Wewe sasa atakuoa nani? Mungu amekuletea mahari yako bila mume. Tushukuru."

Akidor alikuwa anakula nyama kwenye sahani yake, iliyowekwa kando.

Mji ulizoea upesi. Daktari wa mifugo alikuja akawachanja mbuzi, akasema wana afya nzuri kuliko wowote aliowaona tangu ukame uanze. Kanisani walipokea mabeberu wawili, na mahubiri yakawa juu ya Mungu anayewakumbuka watu wake jangwani. Watoto waliokuwa wamevimba miguu kwa njaa walianza kukimbia tena. Wote walikunywa maziwa ya mbuzi wale, na wote, Akidor alipoingia kanisani, walisogea mpaka benchi likabaki tupu kushoto na kulia kwake. Naye alipiga magoti katikati ya nafasi hiyo, akawaombea. Hakujua sala nyingine.

Mahali pamoja tu alikaa na mtu. Siku ya vijana kliniki, alikaa na mvulana aliyeitwa Yai.

Yai alikuwa Mdinka wa Sudan Kusini, mkimbizi wa kambini Kakuma, na alisafiri kila mwezi mpaka Lodwar kuchukua dawa, kwa sababu dawa za kambini zingechukuliwa mbele ya majirani. Nyumbani alisema anasomea kompyuta. Habari za mbuzi zilikuwa zimemfikia.

"Sasa wewe ni sonko, dada, tajiri kabisa," alisema. "Mimi nikisema yangu, naomba Mungu alete ng'ombe. Mbuzi, Mdinka atafanyia nini? Atafuga panya?"

Akidor alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Kisha Yai akaacha mzaha. Alimweleza kwamba hatasema mpaka amalize kidato cha nne. Alilelewa na Adhieu, mjane wa kaka yake, na jina lake lilikuwa kwenye kadi ya chakula ya Adhieu. Jirani yao mmoja alipofariki kwa ugonjwa huo, Adhieu ndiye aliyechoma mkeka wake, na vyombo vyake, na mlango.

"Akinitoa kwenye kadi, nalala wapi?" aliuliza. Hakuuliza lingine, ila alimtazama Akidor machoni mpaka jina lake lilipoitwa.

Baada ya wiki chache Lodwar iliishiwa masikio. Hakubaki mtu mzima asiyejua, na mbuzi wakakoma kuja. Lokiru alimuuliza Akidor ni nani anayekaa naye kliniki. Akidor alisema anakaa peke yake. Mjomba hakumpiga wala hakupaza sauti. Alisema Kakuma kuna watu wengi ambao hawajaambiwa, na kwa kuwa mbuzi hutokea pale Akidor alipolala, ni vema aende naye, kulipia lori la kubeba mbuzi kutoka Lodwar ni hasara.

Wakapanga chumba karibu na uwanja wa soko. Asubuhi Lokiru alimkalisha Akidor juu ya kreti ya soda, akaeleza habari zake kwa Kiswahili. Waliosikia wakawafasiria wenzao kwa Kiarabu cha Juba, wengine kwa Kisomali, na mlango wa chumba ukajaa mbuzi mpaka ikabidi Ebei, aliyekuja kusaidia, awasukume kwa fimbo. Watu walinunua. Wasio na pesa walipewa maziwa bure, maana Lokiru alikuwa mtu mkarimu, na mgeni hasemi na mwenyeji ambaye kinywa chake ni kikavu.

Adhieu alifika na dumu lake, na Yai nyuma yake. Wakapewa maziwa kikombe kimoja, wakanywa kwa zamu.

Lokiru alikuwa anawaza mbele. Alijua Kakuma nayo itaishiwa. Akawaambia watu kwamba kliniki huyu mtoto hakai peke yake, kwamba wapo wenzake, na kwamba akimtaja hata mmoja, nusu ya mbuzi watakaokuja itakwenda nyumbani kwa huyo mtu.

"Taja mmoja tu, mama," alisema. "Huoni watu wana njaa?"

Kila mtu aliwatazama watoto wake kwa namna mpya, akipima. Akidor hakuinua macho. Alijua Yai amesimama wapi, kwa hiyo alitazama kwato za mbuzi upande mwingine, akakaza shingo mpaka ikamuuma. Akasema kwamba yeye hamjui yeyote.

Ndipo Adhieu akasema, bila ubaya, kwa fahari tu ya kuwa na mtu anayeujua mji, "Lakini huyu Yai wetu huenda Lodwar kila mwezi. Yai, wewe unamjua huyu?"

Watu wakageuka. Yai alisema humwona tu barabarani. Mzee mmoja akacheka puani, akauliza barabara gani hiyo. Mwanamke aliyesimama karibu na Adhieu akavuta shuka lake asimguse.

"Basi sema vizuri," Adhieu alimwambia Yai, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ahidi hapa hapa, watu wote wasikie, wasije wakatuhesabu pamoja naye."

Akidor akafumba macho. Alimwombea Yai aseme upesi, na sauti yake isitetemeke.

Yai alimpa Adhieu kikombe, akafuta maziwa mdomoni kwa mgongo wa mkono, akauinua mkono huo huo juu ili wote wauone.

"Mbele yako, mama," alisema, "na mbele ya watu hawa, na mbele za Mungu, naahidi: huyu sitakaa naye benchi moja, sitakula naye, na kikombe chake hakitagusa mdomo wangu mpaka nife."