Wimbo Uliokuja Bila Jina

Wasanii wa Iringa walimwogopa Siwema kama wanafunzi wanavyomwogopa mwalimu wa hesabu, na kwa sababu hiyo hiyo walimheshimu. Kila Jumamosi alasiri aliketi studio, akapiga nyimbo mpya za Nyanda za Juu Kusini, kisha akasema bila kumung'unya maneno upi umemwingia na upi umempita tu. Binamu yake mwenyewe aliwahi kuambiwa hewani kwamba ameenda kurekodi kabla hajajifunza kuimba. Shangazi alinuna mpaka Idi mbili zikapita.

Lakini hakuna asiyesemwa. Yalizuka maneno mtandaoni kwamba Siwema husifu majina, hasifu nyimbo. Kwamba msanii akishavuma Dar es Salaam basi kwake hata kikohozi chake ni kitamu, na mkulima wa Kilolo akija na gitaa lake kavu anaambiwa akajipange upya. Maneno yale yalimchoma, maana hakuweza kuapa kwamba ni uongo mtupu. Ndipo alipomwita Jailos, fundi mitambo wake.

"Kuanzia leo usinitajie jina la mtu. Nipigie wimbo tu. Nikishamaliza kusema langu ndipo unitajie mwenyewe."

"Hata akiwa ndugu yako, dada?" Jailos akatania.

"Hata akiwa ndugu yangu."

Jailos alianza kucheka, kisha akanyamaza ghafla na kujifanya anakung'uta vumbi mezani. Kituo kizima kilijua kwamba Siwema alikuwa na ndugu mmoja tu, Muhidini, na kwamba Muhidini alikufa barabarani.

Alikuwa akirudi Iringa kwa pikipiki kutoka Ilula, alikokuwa akiuza nguo siku za gulio. Lori la mbao lililotoka Mafinga likatanua kwenye kona ili lipite gari lililokuwa mbele yake, likamkuta. Akina mama wauza nyanya walioiona ajali walisimulia mahakamani, na dereva hakubisha. Alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao miaka mingi nyuma. Jina lake Ndalahwa. Siwema alimwona siku ile ya hukumu, akitazama sakafu kama mtu aliyedondosha kitu. Akafungwa, akatumikia, akatoka. Siwema hakumsikia tena, wala hakutaka.

Miaka ikapita hivyo. Ikafika Jumamosi moja ya Julai, baridi ile ya Iringa inayopenya mpaka kwenye mifupa, Jailos akapiga wimbo wa mwisho wa siku.

Ulianza na gitaa peke yake. Haukuwa na biti wala kinanda, gitaa tu lililopigwa taratibu, kama mtu anayekagua kama mlango uko wazi. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, yenye kukwaruza kidogo. Siwema alifumba macho kama kawaida yake. Ubeti wa kwanza ulizungumzia barabara. Wa pili ukazungumzia ukungu. Ulipofika wa tatu, gitaa likanyamaza na sauti ikabaki yenyewe:

*Mwambie mama asifunge mlango,*
*niko njiani, nimechelewa kidogo.*

Siwema alifumbua macho. Aligeuka kuutazama mlango wa studio, kwa hakika ya mtu aliyeitwa kwa jina lake. Hapakuwa na mtu. Sauti ile haikufanana na ya Muhidini hata chembe, lakini maneno yalikuwa ya Muhidini. Ndivyo alivyosema kila alipopiga simu nyumbani tangu apate simu yake ya kwanza: mwambie mama asifunge mlango, nimechelewa kidogo. Hakuwahi kusema kwa namna nyingine.

Wimbo uliisha. Ukimya ukaingia hewani, ukawa mrefu, mpaka Jailos akaanza kupunga mikono nyuma ya kioo.

"Wasikilizaji wangu," Siwema akasema hatimaye, "nyimbo nyingi za msiba hukulilia usoni ili na wewe ulie. Huu haukunililia. Umekuja ukakaa pembeni yangu, ukaniacha nilie mwenyewe. Tangu nianze kipindi hiki, sijasikia ubeti ulioimbwa kwa ukweli kama ule wa tatu. Jailos, ni nani huyu?"

"Anatoka Usangu, dada," Jailos akasoma, akifurahi kwamba leo kumepatikana wimbo. Yeye alikuja kituoni baada ya kesi, na jina lile kwake lilikuwa jina kama majina mengine. "Anaitwa Ndalahwa."

Siwema aliinua mkono akafunga kipaza sauti chake mwenyewe. Matangazo yakapigwa mpaka saa ya kipindi ikaisha.

Nyumbani alimkuta mama yake, Bi Nusrat, amekaa jikoni na redio imezimwa. Alimwamkia. Shikamoo ikaning'inia bila kuitikiwa.

"Umemsifu," Bi Nusrat akasema.

"Sikujua kama ni yeye, mama."

"Sasa umejua."

"Nimejua."

"Basi Jumamosi ijayo waambie watu kwamba ulikosea. Mtu hawezi kuniulia mwanangu kisha akamfanya wimbo, na mwanangu mwingine akampigia makofi."

Juma lile Siwema aliurudia wimbo mara nyingi, mchana, akiwa na spika za masikioni, mlango wa chumba ukiwa wazi ili asiwe peke yake nao. Na ajabu ni kwamba sasa alisikia kasoro. Gitaa lilichelewa kwenye kiitikio. Neno "ukungu" lilitamkwa kwa ulimi wa Kisukuma. Sauti ilikwaruza, na kile alichokiita ukweli siku ile sasa alikisikia kama ujanja wa mtu anayejua kuomba huruma. Aliandaa maneno ya kuyasema hewani, makali na yenye akili. Kisha akajiuliza: kasoro hizi zilikuwapo Jumamosi, au zimeingia pamoja na jina? Akausikiliza tena ili apate jibu. Kila aliposikiliza, ubeti wa tatu ulipofika, shingo yake iligeuka yenyewe kuelekea mlangoni.

Haukumwacha hata alipotoka. Wimbo ulikuwa umeshashika mjini. Alipita Miyomboni kununua mchele, akausikia kwenye simu ya muuza duka. Alikuwa akivuka barabara, akasikia nyuma yake mtu akisema, "Nimechelewa kidogo," akageuka kwa kasi hata bajaji ikampigia honi. Alikuwa mwanamke mmoja anaongea na simu. Alimwomba radhi mwenye bajaji, akavuka.

Katikati ya juma alitakiwa Mbeya. Kulikuwa na tamasha la nyimbo mpya za Nyanda za Juu, naye alikuwa mmoja wa majaji watatu. Siku ya safari alipopokea orodha ya nyimbo, wimbo wa Ndalahwa ulikuwamo. Njia nzima alijipangia la kufanya: atawaambia wenzake ana udhuru na wimbo ule, bila maelezo mengi, kisha atatoka nje waupime wenyewe. Mikono yake itabaki safi. Hakuna atakayesema alimpendelea, wala atakayesema alimkomoa.

Walikutana mchana kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Forest, mlima Loleza ukiwa umejifunika wingu. Jaji mmoja alikuwa Mwalimu Sedekia, aliyefundisha kwaya kwa miaka mingi hata nusu ya waimbaji wa Mbeya walipita mikononi mwake. Mwingine alikuwa Mama Atuganile, aliyewahi kuimba na bendi za dansi, sasa ana sauti ya kuongea tu lakini sikio lake bado kali.

Walipofika kwenye wimbo wa Ndalahwa, kabla haujapigwa, Mwalimu Sedekia alisoma jina akakunja uso.

"Huyu tusipoteze muda naye. Hawa wafugaji wamekuja wakatukaushia Usangu, maji yakapotea, sasa wanataka na nyimbo zetu. Hili ni tamasha la watu wa hapa."

"Amezaliwa wapi?" Mama Atuganile akauliza.

"Popote alipozaliwa. Ng'ombe akizaliwa kanisani hawi Mkristo."

Siwema alikuwa ameshashika mkoba wake ili atoke. Akatazama mlango, kisha akamtazama mwalimu. Akaona kwamba akitoka sasa, mikono yake itakuwa safi kweli, na wimbo utazikwa hapo mezani bila hata kusikilizwa. Akaweka mkoba chini.

"Mwalimu," akasema, "mimi nina sababu kubwa kuliko yako ya kumchukia kijana huyu. Ndiye aliyemgonga mdogo wangu pale Ilula. Nilimuosha Muhidini? Hapana, wanaume ndio walimuosha, na walinikataza nisimwone. Alikuwa ameharibika kiasi hicho."

Mama Atuganile akaweka kiganja juu ya mkono wa Siwema.

"Sitampa alama yoyote," Siwema akaendelea. "Siwezi. Sikio langu kwake limeharibika, sijui linasikia wimbo au linasikia lori. Lakini lako, mwalimu, na lako mama, ni mazima. Nawaomba mtumie hayo. Mkiukataa, semeni kilichomo ndani ya wimbo ndicho mnachokikataa."

"Piga," Mama Atuganile akamwambia fundi.

Wimbo ukapigwa. Siwema aliyakaza macho yake dirishani ili asigeuke. Ulipofika ubeti wa tatu aligeuka hata hivyo, na akamkuta Mwalimu Sedekia naye ameinamisha kichwa, vidole vyake vimeacha kugonga meza.

Ulipoisha, mwalimu aliinua kichwa. "Gitaa linachelewa kwenye kiitikio," akasema, safari hii kwa upole.

"Linachelewa," Mama Atuganile akakubali.

Siwema alivuta pumzi. Basi ilikuwamo. Kasoro moja angalau ilikuwa ya wimbo, haikuwa yake. Faraja aliyoipata ilikuwa ndogo na ya ajabu, kama mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu yake yanaonekana kwenye picha. Wazee wale wawili waliupa wimbo nafasi ya pili, na Mama Atuganile alinung'unika kwamba ulistahili ya kwanza.

Alasiri, washindi walipoitwa, Siwema alimwona. Alikuwa amekonda, gitaa limefungwa kwa kitenge mgongoni. Naye alimwona Siwema, na akasimama pale pale alipo, hakusogea wala hakukimbia. Ilibidi Siwema ndiye aende.

"Nina swali moja," akasema. "Ukinidanganya, nitajua."

"Uliza, dada."

"Muhidini aliyasema maneno yale ya mlango? Uliyasikia kwake?"

Ndalahwa alitikisa kichwa. "Nilipomfikia alikuwa ameshakwenda. Hakusema neno."

"Basi uliyatoa wapi?"

"Mimi sikuyatunga. Nilipotoka gerezani nilirudi kwa mama yangu, Minza. Akawa ananiambia asubuhi, 'Mwanangu, kila ukilala unasema habari za mlango.' Nikamuuliza, nasema nini? Akanitajia maneno hayo. Mimi mwenyewe sijawahi kujisikia nikiyasema. Mama ndiye aliyeniambia, yaimbe ukiwa macho, huenda yakakuachia."

"Yamekuachia?"

"Bado, dada."

Siwema alitaka kusema kwamba kila msafiri duniani husema amechelewa kidogo, kwamba ni maneno ya watu wote. Hakusema. Ndalahwa naye hakuomba msamaha; alionekana mtu aliyekwisha kuuomba kila mahali isipokuwa hapa, na hapa ndipo ulimi ulipomganda. Waliachana bila kupeana mikono.

Jumamosi Siwema alifungua kipaza sauti huku akijua Bi Nusrat anasikiliza.

"Wiki iliyopita niliusifu wimbo kabla sijamjua mwimbaji," akasema. "Mwimbaji huyo ndiye dereva aliyemuua mdogo wangu. Nimetakiwa niyafute maneno yangu, na Mungu anajua nilitaka. Nimeusikiliza tena nikasikia kasoro tele. Moja ni ya kweli, gitaa lake linachelewa. Hizo nyingine sijui kama zimo ndani ya wimbo au zimo ndani yangu. Kwa hiyo neno langu linabaki lile la kwanza, nililolisema nikiwa sijui. Wimbo ni mzuri. Na mimi sitapima tena wimbo wake wowote. Mwingine atakaa kiti hiki siku hiyo."

Jailos alipiga wimbo uliofuata. Macho yake yalikuwa mekundu.

Bi Nusrat hakumsemesha binti yake kwa muda mrefu. Chakula alimwekea, shikamoo aliitikia kwa kichwa, lakini neno hakumpa. Siwema alikubali. Alijua bei ya alichokisema kabla hajakisema. Kilichomsumbua ni kwamba wimbo haukutaka kufa mjini, na kila ulipopita na gari chini ya dirisha lao, wote wawili waliacha walichokuwa wakifanya, wakasubiri mpaka upotelee mbali, bila kutazamana.

Ilikuwa siku ya mawingu, wako uani wanachambua mchele, mama alipofungua kinywa.

"Huyo kijana. Ana mama?"

"Anaye, mama. Yuko Usangu."

"Anamsikia akiyasema?"

Siwema alikuwa amemsimulia yale ya Mbeya tangu siku aliyorudi, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, bila kujua kama anasikilizwa. "Ndiye anayemsikia," akajibu. "Yeye mwenyewe hajisikii."

Mikono ya Bi Nusrat ilisimama juu ya ungo. "Anaitwa nani?"

"Minza."

"Minza," mama akarudia, taratibu, kama mtu anayejifunza neno la lugha ngeni. Kisha adhana ya alasiri ikaanza, akajikung'uta mapumba, akaingia ndani kutawadha.

Siwema alibaki na ungo. Sala ilipokwisha alimsikia mama yake akiomba dua kwa sauti ya chini, dirisha likiwa wazi. Jina la Muhidini alilisikia wazi, kama alivyolisikia kila siku tangu msiba. Baada yake likaja jina jingine. Upepo ulikuwa unavuma kwenye mabati, hakuwa na hakika kama ni la Minza au la mwanawe, na hakuinuka kwenda kusikiliza karibu.