Mlango Usiooza

Mlango wa bafu la shangazi ulikuwa ukioza chini kila mwaka, na kila mwaka fundi seremala alikuja kuubadilisha. Kazi ya asubuhi aliimaliza jioni, kwa sababu ya chai na soga. Mbao zilikuwa hafifu, sikatai, lakini mimi naishi nyumba hiyo. Nilimwona shangazi kwa macho yangu akiumwagia mlango ndoo nzima ya maji, kisha akaja sebuleni kulalamika kwamba umeanza tena. Mjane mwenye akili zake timamu, anaozesha mlango! Kama unamtaka fundi aje, si umwambie tu?

Safari hii fundi alileta mbao nyekundu zilizonukia nyumba nzima.

"Mwerezi huu," alisema. "Laini, hata ukucha unaacha alama. Lakini maji hauyajali, na wadudu wanaukimbia. Zile sehemu nyeupe za pembeni nimezitoa, maana zinaoza kama mbao nyingine. Hiki ni kiini kitupu."

Akakaza skrubu za shaba, kwa kuwa za chuma zingeutia madoa meusi.

"Utadumu?" shangazi aliuliza.

"Utatuzika sote, mama."

Siku hiyo chai ilikuwa nusu kikombe.

"Amenichoka," shangazi aliniambia fundi alipoondoka. "Mtu anayetaka kurudi hafungi mlango kama ule." Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi hasira zote zikaniisha.

Alimwaga maji miezi na miezi. Mlango ukabadilika rangi, ukawa wa kijivu, basi. Kuoza, wapi! Alijifanya hajali, ila kila hodi ilimfanya aweke sawa kitambaa chake kichwani.

Jumapili moja hodi ikawa ya fundi. Shati limepigwa pasi, mikononi hana hata nyundo.

"Mlango hauna shida," shangazi alisema kwa ukali, kabla ya salamu.

"Najua. Ndiyo maana niliutengeneza vile. Kila mwaka nasubiri kitu kiharibike kwako ndipo nije. Nimechoka kukuombea mabaya. Leo hakuna kilichoharibika, na nimekuja."

"Miezi yote hiyo ulikuwa wapi?" nilimpigia kelele kutoka jikoni.

"Nilikuwa naogopa," alisema.

Shangazi aliniita niweke chai. Nikamwambia aiweke mwenyewe. Nilichukua ndoo yake iliyojaa maji pale mlangoni pa bafu, nikaenda kuoga.