Mnyama wa Kwanza wa Watu Mia Tatu na Kumi na Wawili

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ndani ya wingu.

Lilikuwa wingu la kawaida, lile linalokaa juu ya Tukuyu karibu mwaka mzima. Ndani kulikuwa na mabenchi, dirisha la mapokezi, na ukuta ulioandikwa: HIFADHI YA MAFAILI. USIEGEMEE UKUTA. Niliegemea kidogo, bega likalowa.

Nilijua kwa nini niko pale. Hata ndotoni mtu hasahau shida yake. Baba yangu, Fundi Anyosisye, alitengeneza redio miaka thelathini kwenye kibanda karibu na stendi. Mwaka huu, mwezi wa pili, alipata kiharusi, na tangu siku hiyo hajasema neno. Lakini nilipokuwa chuoni Iringa alinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi, nusu dakika tu, kunielekeza namna ya kuishi na vifaa vya umeme. Radi ikipiga, chomoa. Usikubali kitu kwenye simu kabla hujakisoma. Wenzangu bwenini walicheka, nami nikawa nazisikiliza kwa sauti ya chini, simu nimeificha ndani ya khanga.

Simu ile ilitumbukia kwenye pipa la maji. Sauti zote zikabaki kwenye akaunti yangu ya zamani ya barua pepe, simu ilikokuwa inazihifadhi. Jana nilipojaribu kuifungua, kioo kikaniandikia kwamba haijaguswa kwa miaka miwili, na kwamba itafutwa leo saa sita mchana.

Nenosiri silijui. Akaunti nilifunguliwa na kaka Lusajo wa steshenari, kama alivyowafungulia watu wengi wa Tukuyu waliokuwa wanaomba vyuo na kazi. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, unataja jina lako, yeye anabonyeza, anakuandikia nenosiri kwenye kipande cha karatasi. Maswali mengine anayajibu mwenyewe ili foleni isogee. Siku ile nilitamani kumwomba ageuze kioo nione anachojaza. Nikaona aibu. Karatasi ililiwa na mchwa, na Lusajo alihamia Chunya kutafuta dhahabu. Simu yake haipatikani.

"Anayefuata," likasema dirisha la mapokezi. Hapakuwa na mtu ndani yake. Lilikuwa dirisha lenyewe.

"Naomba sauti za baba yangu," nikasema.

"Zipo." Likajifungua kidogo ili nione. Ndani kuna rafu ndefu, na juu ya rafu kuna chupa za chai, zile za maua mekundu, kila moja imebandikwa jina langu na tarehe. Nanyoosha mkono, nagusa moja. Ina joto.

Chini ya rafu amesimama mama mmoja mwenye ufagio. Anaangalia saa ya ukutani.

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Saa sita nafagia," akasema. "Usinichukie, mwanangu. Mimi nafagia tu visivyo na mwenyewe."

"Mwenyewe nipo."

"Basi thibitisha." Akanipa pole kwa macho, akaendelea kuangalia saa. Ilikuwa saa tano na nusu.

Dirisha likaniambia nipande hatua mbili. Kulikuwa na ngazi yenye hatua mbili tu. Nikapanda ya kwanza.

"Wewe ni nani?" hatua ikauliza.

"Atuganile."

Nikapanda ya pili.

"Kweli?" ikauliza.

Nikafikiri. "Nadhani."

"Hapa hatupokei nadhani," ikasema, ikanishusha taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemteremsha bibi yake kwenye gari.

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na pasi ya umeme. Ilikuwa imeshika fomu iliyoandikwa: MIMI SI ROBOTI. Ikaweka alama ya vema bila kusita, ikapita.

"Ile ni pasi," nikasema.

"Lakini si roboti," likajibu dirisha. "Wewe chagua picha zote zenye pikipiki."

Wakaletwa watu tisa, kila mmoja amebeba picha. Kwenye picha ya nne kulikuwa na bodaboda iliyopakia kochi la watu watatu. Kochi lilikuwa kubwa, mguu wake mmoja umeingia kwenye picha ya tano.

"Mguu wa kochi nao ni pikipiki?" nikauliza.

Wale watu tisa wakaangaliana. "Dada," akasema wa tano, "mimi nimeibeba picha hii miaka sita na hilo sijawahi kuambiwa."

Nikamwonea huruma, nikamchagua. Ilikuwa sahihi.

"Sasa tunatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako," likasema dirisha.

"Laini ile sinayo tena. Ilifungwa."

"Tumeshatuma."

Ghafla siko kwenye wingu. Niko kwenye baraza la nyumba yenye bati jipya, mahali nisipopajua, mbele ya mama anayekaanga maandazi. Kwenye mkeka wamekaa watoto sita wameshikana mikono. Kila mmoja ana tarakimu kifuani.

"Karibu," akasema yule mama. "Hawa ni wa nani? Wameingia kwenye laini yangu sasa hivi."

"Shikamoo mama. Ni wangu. Laini hiyo ilikuwa yangu."

"Marahaba. Mimi nimeuziwa mwaka juzi, mpya kabisa, na pakiti yake." Akageuza andazi. "Kila siku napigiwa na watu wanaokuuliza wewe. Nawaambia hayupo, ni mzima, mniache."

"Asante mama. Sasa naomba hao watoto."

Watoto wakasema kwa pamoja, kama darasani: "Usitupe kwa mtu yeyote!"

"Umewasikia," akasema yule mama.

"Mama, mimi ndiye mwenyewe."

"Mwanangu, tapeli gani atakuja aseme mimi si mwenyewe?"

Ni kweli, na Baba alinifundisha hivyohivyo. Nikakaa chini kwenye mkeka. Mama yule akanipa andazi. Tulipokuwa tunakula, wale watoto walianza kuota ndevu. Waliokuwa wasichana wakafunga vilemba. Migongo ikapinda.

"Wana nini?"

"Wanaishi dakika kumi," akasema mama. "Hawajawahi kunizoea."

Wote sita wakajilaza kwenye mkeka, bado wameshikana mikono, wakalala. Yule mama akawafunika na khanga yake, akasema, "Nenda ukajaribu njia nyingine, mwanangu. Nami nitakuombea."

Ninaposimama, baraza limeshakuwa steshenari ya Lusajo. Mashine ya fotokopi ipo, kiti cha plastiki kipo, na ukutani imebandikwa karatasi: SWALI LA USALAMA. JINA LA MNYAMA WAKO WA KWANZA?

Swali hilo nalijua. Jana nililijibu mara mbili. Niliandika Chausiku, paka wetu. Si sahihi. Nikaandika Sungura, kwa sababu sungura wetu hatukumpa jina lingine. Si sahihi. Imebaki mara moja.

Kuna foleni ndefu. Namwona mchungaji wetu, namwona mkunga, namwona mwalimu aliyenifundisha hesabu na ambaye hata sasa naogopa kumtazama usoni. Wote wameshika fomu. Mbele yao, juu ya meza ya Lusajo, amelala mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika. Kila mtu akifika, anamwinamia na kusema jina.

"Simba," anasema mchungaji.

Mbwa anatikisa kichwa.

"Popi," anasema mkunga.

Mbwa anatikisa kichwa. Wanaondoka wameinama.

Zamu yangu inafika. Namtazama, na kitu ninachokiona ni uchovu. Amezidiwa kama nesi aliyefanya kazi zamu mbili.

"Shikamoo," nikamwambia.

Mbwa akafumbua macho yote mawili. "Marahaba."

"Umeshindaje?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. Akashuka mezani, akaja kulala juu ya miguu yangu. Alikuwa mzito na mwenye joto. "Sijashinda vizuri. Mimi ni mnyama wa kwanza wa watu mia tatu na kumi na wawili."

"Inawezekanaje?"

"Nilikuwa mbwa wa kwao Lusajo. Alipofika kwenye hili swali alijaza mimi. Mteja wa kwanza, mimi. Wa pili, mimi. Hakuwa na ubaya, alikuwa na foleni. Nilikufa zamani, dada, lakini silali. Mtu akisahau nenosiri Kandete huko, naamshwa mimi."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Wewe umesahau nini?"

"Sauti ya baba yangu. Ipo kwenye chupa, saa sita inafagiwa."

Mbwa akaitazama saa ya Lusajo. Dakika tatu zimebaki.

"Bibi yake Lusajo alikuwa anasengenywa na majirani," akasema. "Yeye hakupenda kugombana. Akanunua mbwa, akampa jina, na kila jioni akatoka nje kumwita kwa sauti kubwa. Majirani wakawa wanajibiwa bila yeye kuwajibu."

"Alikuita nani?"

"Waacheni Waseme."

Nikalirudia kimoyomoyo.

"Moyoni haisaidii," akasema mbwa. "Mimi huja nikiitwa. Toka nje uite kama bibi. Na ukiingia huko, nakuomba kitu kimoja. Badilisha swali. Weka jibu lako mwenyewe, uliandike daftarini kwenu, mimi unipunguzie."

"Nitabadilisha."

"Wote husema hivyo."

"Mimi nitabadilisha."

Natoka nje. Nje ni wingu. Foleni yote imenifuata, mchungaji, mkunga, mwalimu wa hesabu, pasi, na wote wananitazama. Mimi sijawahi kupaza sauti mbele za watu. Hata chuoni, jina langu likiitwa, nilinyoosha mkono tu. Kwa mbali namwona yule mama wa ufagio ameshika chupa ya kwanza. Chupa inafuka moshi.

Nafungua mdomo. Hakuna kinachotoka.

Namfikiria Baba pale kitandani, anavyofungua mdomo hivihivi, na hakuna kinachotoka.

"Waacheni Waseme!" nikapiga kelele.

"Tuwaache akina nani?" akajibu mama yangu kutoka jikoni.

Kulikuwa kumepambazuka. Mvua ilikuwa inanyesha, Mama alikuwa anapepea jiko la mkaa, nami nilikuwa kwenye godoro langu sebuleni, kando ya kitanda cha Baba, ambapo mimi hulala ili nimgeuze. Baba alikuwa macho, ananitazama kwa wasiwasi.

"Unaota, Atu?" Mama akauliza.

"Naota, Mama."

Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikaikunjua. Kwenye soksi zote mbili kulikuwa na nywele fupi, ngumu, za rangi ya chai ya maziwa. Sisi hatujawahi kufuga mbwa.

Nikaichukua simu. Swali lilikuwa bado pale nilipoliacha, na chini yake maneno: Umebakiza jaribio moja. Nikaandika kwa herufi ndogo, polepole.

Ikafunguka.

Sikumwita Mama. Niliogopa kwamba nikisema kitu kitaondoka. Nikatafuta ya kwanza kabisa, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikaiweka simu kwenye ukingo wa godoro la Baba, karibu na mkono wake.

"Atu, mwanangu, ugonile, umelala salama? Baba hapa. Leo nataka kukuambia hivi: usichaji simu juu ya godoro. Godoro halipumui, betri inachemka. Weka sakafuni, weka mezani. Umesikia? Haya. Soma vizuri."

Kule jikoni upepeo ulisimama. Mama akatokea mlangoni, masizi mikononi.

Baba alikuwa anatazama dari. Kisha mkono wake wa kulia, ule mzima, ukainuka taratibu kutoka kwenye blanketi, na kidole kikanyooka. Hakikuwa kinanielekea mimi. Kilikuwa kinaelekea simu, na waya wake, na godoro.

Ilikuwa inachaji tangu jana.

"Nisamehe, Baba," nikasema, nikachomoa, nikaiweka mezani.

Mama alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa masizi. "Weka nyingine," akasema. "Weka nyingine, mwanangu."

"Subiri kidogo, Mama. Kuna mtu nilimwahidi."

Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha swali, jibu nikaliandika kwenye daftari la Baba la kibandani. Sasa amebaki na watu mia tatu na kumi na mmoja.